Uliniambia ni Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, kidogo tu, vumbi likalala. Nimeamua kuandika msimu huu wote, maana kazi tuliyoianza ni kubwa na najua iko siku nitaulizwa ilianzaje.

Kazi yenyewe ni hii. Mamlaka yetu ndiyo inayogawa masafa, yaani zile njia za hewani ambazo redio, simu na kila mtambo usio na waya hupitishia sauti zake. Kwa miaka mingi kila mkurugenzi aliyepita alimkatia mtu kipande: teksi hapa, kampuni za ulinzi pale, mashamba, zahanati. Wengine walishafunga biashara zamani na vipande vyao viko vitupu. Kwa hiyo nafasi ipo, ila imetawanyika chembechembe, hakuna mahali pamoja panapotosha kupitisha intaneti ya kwenda vijijini. Tumeambiwa mvua zikiisha tuwe tumeshawahamisha wadogo na kuwasogeza pamoja, ili nafasi zilizotawanyika ziungane.

"Tumeambiwa" ni mimi na Pacha. Si pacha wangu wa kuzaliwa. Tuliajiriwa siku moja, tukapewa meza moja kwa sababu meza hazikutosha, na siku hiyo wote tulikuja na blauzi ya kijani. Mzee wa mapokezi akatuita mapacha, jina likaganda. Yeye ananiita Pacha, mimi namwita Pacha, na mama yangu, ambaye naishi naye, humhesabu kama mtoto wake wa tatu.

Mtoto wake wa pili ni mdogo wangu, mkunga. Yuko zahanati ya ng'ambo ya mto, nyuma ya kilima, ambako simu hazishiki. Kule ukitaka gari la wagonjwa unaita kwa redio ya upepo, basi.

Jumatano, 5 Machi

Mama ameniuliza tena kazi yangu ni ipi hasa.

"Nagawa masafa, Mama."

"Yako wapi hayo?"

"Hewani."

"Kwa hiyo unagawa hewa." Akaendelea kumenya viazi. "Haya. Mradi usiwanyime watu."

Jumanne, 11 Machi

Zahanati ndizo zinatusumbua. Masafa yao yako katikati kabisa, kama mtu aliyelala katikati ya kitanda, kila anayetaka kujinyoosha anawagusa. Sheria inawaruhusu kukataa kuhama, na mwaka jana walikataa.

Leo nimemwonyesha Pacha ramani yangu. Zahanati tunazipeleka ukingoni, kwenye kipande kisafi, na kati yao na kampuni ya simu tunaacha mwanya, sehemu tupu ambayo hakuna mtu atakayesemea. Redio zao ni za zamani. Hazisikii jambo lao tu, zinasikia na la jirani, na jirani akiwa na mnara wenye nguvu zitazibwa masikio kabisa.

Pacha aliitazama ramani kwa muda. "Mwanya mkubwa huu, Pacha. Watauliza."

"Waulize. Nitawajibu."

Akacheka, akanipiga begani. "Haya. Mimi niko nyuma yako."

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Paa la chumba cha mitambo linavuja, tumeweka ndoo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kutoka ng'ambo nikiwa tope mpaka magotini, lakini nimerudi na kauli yao. Wamekubali.

Si mimi niliyewashawishi, ni mdogo wangu. Aliwakusanya waganga na wakunga wa zahanati zote kwenye chumba chake cha kuzalishia, kwa sababu ndicho pekee kisichovuja, wakakaa juu ya vitanda. Mimi na Pacha tukaeleza. Mganga mmoja mwenye ndevu nyeupe alisema watu wa serikali wakija na ramani, wanaoondoka na kitu si wenyeji.

Mdogo wangu akanigeukia mbele ya watu wote. "Dada, hiyo nafasi mpya ni yetu kweli? Hakuna mtu atakuja kutukalia?"

"Ni yenu. Na pembeni yenu tumeacha nafasi tupu ili msisumbuliwe."

"Mnasema hivyo wote wawili?"

"Wote wawili," Pacha akajibu kabla yangu.

Mdogo wangu akawaambia wenzake, "Huyu ni dada yangu, ndiye aliyenifundisha kusoma. Akisema ni yetu, ni yetu." Yule mganga akanyoosha mikono, akasema sawa.

Tulipanda kilimani jioni ile ile kubadilisha kile kituo kidogo kinachopokea sauti za zahanati na kuzisukuma hospitali kubwa. Pacha alinishikia mwavuli muda wote nikifunga waya, yeye akalowa. Tukishuka tuliteleza, tukaanguka pamoja, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jumanne, 1 Aprili

Mama anafanyiwa upasuaji wa macho. Nimeomba likizo. Ramani ilikuwa iende kwa Mkurugenzi wiki hii. Pacha amesema nisijali, ataipeleka yeye.

Jumatatu, 7 Aprili

Jicho moja limeshafanywa. Pacha alikuja wodini na machungwa, akamshika Mama mkono, akamsimulia habari za ofisini mpaka Mama akasahau maumivu.

Aliponisindikiza nje akaniambia, "Ramani imepita."

"Imepita? Hivi hivi?"

"Hakuuliza hata swali."

Nilimkumbatia pale pale kwenye korido, wauguzi wakitukwepa na vitoroli vyao.

Jumanne, 15 Aprili

Mdogo wangu alikuja hospitali kubwa kuchukua dawa, simu yake ikashika, akanipigia.

"Dada, redio inanguruma. Inanguruma, halafu inakufa."

Nilikuwa nimesharudi kazini, nikamuuliza Pacha. Hakuinua hata kichwa kwenye kompyuta. "Mvua hiyo. Maungio ya antena yameingia maji. Wafunge na mpira."

Nikampigia mdogo wangu kabla hajaondoka hospitali. "Ni mvua. Fungeni maungio na mpira."

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Mama amevua bandeji, anasema kumbe ukuta wa sebuleni ni mchafu kiasi hiki.

Jumanne, 22 Aprili

Mdogo wangu tena, amepiga akiwa hospitali kubwa. "Tumefunga mpira, tumebadilisha na betri. Asubuhi inasikika vizuri kabisa. Mchana ndiyo inanguruma. Mvua gani hii inayoharibu mchana tu?"

Nilimpelekea Pacha swali hilo kama lilivyo. Akatabasamu. "Na mvua zinanyesha saa ngapi, Pacha? Si mchana?"

Kweli, msimu huu zinanyesha mchana. Nilijiona mjinga kwa kuuliza. Nikasema niende nikapime mwenyewe, akasema gari la kazi liko gereji, na daraja la chini limefunikwa na maji. Nisubiri mto upungue.

Nikamjibu mdogo wangu, "Ni mvua. Vumilieni kidogo."

Akasema, "Sawa, Dada." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamua kuamini.

Jumanne, 29 Aprili

Pacha ametangazwa kaimu mkuu wa idara. Wafanyakazi walimpigia makofi, mimi zaidi ya wote. Mkurugenzi akasema mpango wetu umepata nafasi ambayo hakuna aliyedhani ipo. Sikuelewa alichomaanisha. Nilidhani ni maneno ya sherehe.

Jumatano, 7 Mei

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama yalivyotokea.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi. Mama akafungua mlango, nikamsikia anasema, "Mwanangu, umetokaje huko na mto umejaa?" Mdogo wangu akaingia akiwa amelowa, viatu mkononi, sare yake ya kazi ina damu iliyokauka tangu kiunoni mpaka chini. Hakuketi. Mama alimletea kanga, akaishika bila kujifunga.

Akasema, "Jana alijifungua mama mmoja. Mtoto wa kike, mzima. Baada ya hapo damu ikakataa kusimama. Nimefanya kila nilichofundishwa. Nikaenda kwenye redio. Ilikuwa mchana."

Nikaweka pasi chini.

"Niliita. Ikanguruma. Niliita tena. Nikamwachia mhudumu aite, nikarudi kwa mgonjwa, nikatoka tena kuita mwenyewe. Dada, niliita mpaka mgonjwa akaniambia, 'Nesi, wewe pumzika kidogo.' Yeye ndiye aliniambia mimi nipumzike."

Mama akakaa chini.

"Tukambeba na kitanda mpaka mtoni. Kumbe gari lilikuwa hospitali, limesimama tu, dereva anakunywa chai. Angeitwa angezungukia daraja la juu, angetukuta. Amefia kando ya maji. Mume wake alikuwa ameshika mwavuli juu yake, hata baada ya hapo hakuushusha."

Nilitaka kumshika. Akarudi nyuma.

"Uliniambia ni mvua."

"Niliambiwa hivyo ofisini, mdogo wangu. Nami nikaamini kwamba…"

"Mimi sikuambiwa na ofisi. Niliambiwa na wewe. Wale wenzangu wamehama kwa sababu niliwaambia dada yangu hadanganyi. Leo niwaambie nini?"

Alijifuta uso kwa kanga, akaiweka juu ya kiti, akamwambia Mama anarudi kazini kwa sababu kuna kitoto kinahitaji maziwa. Mama alimfuata mpaka barabarani. Mimi nilibaki na harufu ya nguo inayoungua, kumbe pasi niliiweka juu ya blauzi.

Mama aliporudi aliniuliza swali moja tu. "Wewe nani alikuambia ni mvua?"

Nikamtajia.

"Huyu aliyenishika mkono wodini?"

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Alhamisi, 8 Mei

Sikuomba gari la kazi. Nilikodi pikipiki, nikafunga kipimo cha mawimbi mgongoni kama mtoto, tukazungukia daraja la juu. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu.

Kileleni, hatua chache kutoka kile kituo kidogo cha zahanati, pamesimama mnara mpya wa kampuni ya simu. Mlinzi wake akanieleza bila kuulizwa sana: bado uko kwenye majaribio, haupokei simu za watu, huwashwa mchana mafundi wakifika na kuzimwa jioni.

Nikawasha kipimo changu. Zahanati ziko pale pale nilipozipanga. Nikatafuta mwanya. Hakuna mwanya. Mnara umejaza sehemu yote, umekuja mpaka mlangoni kwao, na kituo chao kidogo chini yake ni kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono huku amesimama kando ya mashine ya kusaga.

Nilikaa juu ya jiwe. Nilitafuta sababu yoyote ya kumtetea Pacha: labda kampuni imevuka mpaka, labda fundi kakosea. Kisha nikakumbuka maneno ya Mkurugenzi siku ya makofi. Nafasi ambayo hakuna aliyedhani ipo.

Ijumaa, 9 Mei

Pacha alikuwa kwenye ofisi yake mpya, anapanga maua dirishani.

"Mwanya uko wapi?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajui. Hilo nampa. Alifunga mlango, akaketi.

"Ulikuwa mtupu, Pacha. Kipande kizima, kitupu, na kampuni inasema bila hicho haiendi vijijini. Mkurugenzi alitaka nafasi zaidi. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia kilichoandikwa."

"Wewe mwenyewe kila siku unasema tusiache hata chembe ipotee. Kila kipande kitumike. Nilifuata hesabu yako, nikaifikisha mwisho. Hata jina nimeacha lako, sijakuibia."

Nilitazama ukutani kwake. Ramani mpya ilikuwa imetundikwa kwenye fremu, jina langu chini yake. Ile ya kwangu, ya zamani, iko bado kwenye ukuta wa chumba changu cha kazi, na kwa wiki zote hizi amekuwa akipita mbele yake kuja kunisalimia.

"Na mvua?" nikasema.

Akaokota kalamu, akairudisha mezani.

"Nimekuuliza mara mbili. Mara zote ukasema mvua."

"Nilidhani ni mvua."

"Ulidhani?"

Akatazama maua yake. "Mwanzoni."

Neno hilo moja ndilo lililonimaliza. Ramani ningeweza kumsamehe siku moja, watu hukosea, wakubwa husukuma. Lakini kuna siku alijua, akanitazama usoni, akaniacha nikampigie mdogo wangu simu.

Nilimwambia kuhusu yule mama. Alikuwa hajasikia. Machozi yalimtoka, ya kweli kabisa, namjua. Akanyoosha mkono juu ya meza. "Pacha, tafadhali."

Nikamwambia asiniite hivyo tena.

Jumatano, 14 Mei

Nimepeleka vipimo kwa Mkurugenzi. Amesema tusikurupuke. Nimevipeleka pia wizara ya afya, na kwa yule mganga mwenye ndevu nyeupe, asiyekurupuka kamwe. Imeundwa kamati.

Jumanne, 20 Mei

Kamati imekaa kwenye chumba chetu cha mikutano. Mwenyekiti ni mama mmoja, hakimu mstaafu, mwenye tabia ya kusikiliza amefumba macho. Mvua ilipiga madirisha mpaka ikabidi watu wapaze sauti.

Walimwita kwanza yule niliyekuwa nikimwita Pacha. Alivaa nadhifu, akajibu polepole.

"Mpango ni wa mwenzangu. Jina lake liko pale. Mimi nilitekeleza tu."

"Na huu mwanya unaosemwa?"

"Sikumbuki mwanya, mheshimiwa."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikiiona shingo yake. Tumekula pamoja, tumelia misiba ya kwetu na ya kwao pamoja. Siku ile kilimani alilowa ili mimi nisilowe. Nilijiuliza ni yupi niliyemjua, yule wa kilimani au huyu.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Niliyaacha. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba kamati iende zahanati. Iende mchana."

Mkurugenzi akasema barabara ni mbaya.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Wagonjwa wanapita barabara gani?"

Alhamisi, 22 Mei

Tumeenda. Mdogo wangu alitupokea mlangoni kama anavyopokea wageni wowote, akawapa viti, mimi akanipita. Yule mtoto wa kike alikuwa pale kwa kupimwa uzito, mgongoni kwa bibi yake. Wamempa jina, sitaliandika hapa.

Mwenyekiti alitaka kuita mwenyewe. Mdogo wangu akamwonyesha pa kubonyeza. Akaita hospitali. Redio ikanguruma, ikafa. Akaita tena, kwa sauti ya mahakamani, kana kwamba mashine itamwogopa. Ikanguruma.

Nje jua lilikuwa kali. Aliangalia dirishani, akauliza, "Kuna mvua leo?"

Mkurugenzi alikuwa anasoma bango la chanjo.

Nikampungia mkono mjumbe aliyesimama uwanjani, naye akampungia mwenzake kilimani, na mafundi wakazima mnara. Mwenyekiti akabonyeza tena. Mara hiyo hiyo sauti ya mtu wa redio hospitalini ikajaa chumba: "Zahanati, nakusikia vizuri. Una mgonjwa? Nitume gari?"

Mwenyekiti alibaki ameshika ile redio. Ile sauti ikarudia, "Zahanati, nitume gari?"

Mdogo wangu alimnyang'anya taratibu, akajibu, "Hapana, asante. Leo hapana." Kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya jengo. Nilimfuata mpaka kwenye kona, nikaona mabega yake yanatikisika, nikaona pia kwamba hataki nimwone. Nikarudi.

Ijumaa, 30 Mei

Uamuzi umetoka. Kampuni irudi nyuma, mwanya uachwe kama ulivyopangwa mwanzo, na zahanati zipewe redio mpya. Vyote nilivyoviomba.

Kuhusu watu, ripoti inasema kulikuwa na "upungufu wa uratibu". Hakuna mtu aliyeupunguza huo uratibu, ulipungua wenyewe. Mkurugenzi yupo. Yule niliyemwita Pacha ameondoka, lakini hakufukuzwa: ameenda kwenye ile kampuni ya simu, kitengo cha mipango. Alipita kuaga kila chumba. Changu alisimama mlangoni, nikaendelea kuandika. Nilisikia viatu vyake vikiondoka, na mwili wangu ulitaka kuinuka kumfuata, kwa mazoea tu. Nilishika meza.

Jumapili, 1 Juni

Mama anapika kwa watu watatu. Bado hajazoea kwamba siku hizi Jumapili mdogo wangu haji.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua zimekwisha, mto umeshuka. Leo tumefungua tena masafa ya zahanati, na kazi yangu ilikuwa kuita kila moja kutoka chumba cha mitambo kuhakikisha inasikika. Mganga mwenye ndevu nyeupe alijibu wa kwanza, akaniuliza na hali ya macho ya Mama. Wengine wakafuata. Ya mdogo wangu niliiacha ya mwisho, nikaita.

Ikaja sauti yake, safi, karibu kabisa, kama amekaa kiti cha pili.

"Mamlaka, nakusikia vizuri."

Nilikuwa na maneno niliyoyabeba tangu siku ile ya kanga. Hayakuwa ya kusemwa hewani, watu wote wanasikia, lakini ndiyo njia pekee iliyobaki ambayo bado ananijibu. Nikabonyeza. "Mdogo wangu…"

"Mamlaka, tafadhali ondoka kwenye masafa. Nina mgonjwa, naita gari."

Nikaondoka. Nikaacha kusema, nikabaki kusikiliza. Aliita hospitali mara moja tu, na hospitali ikajibu.